Kufunga waya kwenye bonsai maana yake nini?

Ukipita kwenye nyua za Tabora mjini, huhitaji kutafuta sana kuona mwembe uliomeza waya. Mtu aliuzungushia shina waya wa kuanikia nguo, miaka ikapita, gome likaufunika; sasa waya unaingilia upande huu na kutokea ule kana kwamba mti ulitobolewa kwa drili. Mwembe mkubwa huvumilia. Kijitawi chenye unene wa penseli hakivumilii.

Bonsai ni mti wa kawaida uliolelewa kwenye chombo kifupi na kupogolewa ili ubaki mdogo. Jina ni la Kijapani, lenye maana ya kilichopandwa katika chombo kipana, ingawa sanaa yenyewe Wajapani waliipokea kutoka Uchina. Si aina ya mbegu, kwa hiyo anayekuuzia "mbegu za bonsai" anakuuzia mbegu tu. Mkwaju unafaa, hata mkuyu.

Kufunga waya ni kuzungushia tawi waya laini, kisha kulipinda pamoja na waya wake likae unapotaka. Wengi hudhani waya ndio unaolikunja tawi. Waya unalishikilia tu. Chini ya gome kuna utando mwembamba, telezi, uitwao kambiamu, ambao mti unapokua huongeza mbao mpya kwa ndani na gome kwa nje. Tawi likishikiliwa limepinda, mbao mpya hujengeka katika mpindo huo, na ikishakomaa tawi halirudi tena. Ni kama P.O.P., lile jasi gumu wanalofungia mfupa uliovunjika hospitalini: haiungi mfupa, inauzuia usicheze mpaka ujiunge wenyewe. Shangazi yangu alipouona mkwaju wangu umefungwa nyaya aliniuliza, "Mwanangu, huu umevunjika wapi?" Hakuwa mbali na ukweli.

Tatizo ni kwamba ukuaji huohuo unaolikaza tawi ndio unaolinenepesha, na waya haunenepi. Nilifunga mkuyu wangu Desemba, mvua zimekolea, nikapanda treni kwenda msibani Kigoma, nikakaa wiki tano. Niliporudi, waya ulionekana vipande vipande, kama nyoka anayezama na kuibuka majini. Nikaongeza kosa la pili: nikaufungua kwa kuuzungusha kinyume. Gome likaja nao, utomvu mweupe ukachuruzika. Kovu lipo hadi leo, limezunguka tawi kama parafujo. Waya haufunguliwi, unakatwa kwa plaizi kila mzunguko, kipande kimoja kimoja.

Waya wa alumini laini ndio rahisi kwa anayeanza. Mimi natumia shaba, mabaki ya waya wa umeme niliyopewa na fundi, nikaimenya plastiki. Naiweka kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, naiacha ipoe. Hapo inalainika, na ukiipinda inakuwa ngumu tena, ndiyo maana inashika vizuri. Waya wa kufungia nondo waachie mafundi ujenzi, maana ni mgumu na unashika kutu.

Unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi: tawi la milimita 6, waya wa milimita 2. Mizunguko ilale kwa nyuzi 45 hivi, igusane na gome bila kulibana. Waya mmoja ufunge matawi mawili, ukipitia kwenye shina kati yao. Ukianzia hewani, tawi litarudi ulikolitoa.

Kupinda kunafanywa kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, polepole, waya ukiwa upande wa nje wa mpindo, kwa sababu gome la nje ndilo linalovutika na kupasuka. Siku moja kabla, usimwagilie maji. Tawi lililojaa maji hukatika upesi. Ukisikia "ti" ndogo, simama hapo hapo. Mti uliohamishwa chungu juzi usiuguse kabisa.

Lini uutoe waya? Mkuyu wakati wa mvua unaweza kuwa tayari kwa wiki chache. Kiangazi huchukua muda zaidi. Siku hizi naandika tarehe kwenye kipande cha plasta na kukibandika ubavuni mwa chungu, na kila Jumapili naukagua waya kwa ukucha. Ukucha ukikosa pa kupenya kati ya waya na gome, naukata, hata kama tawi litainuka kidogo. Baadaye nitalifunga tena, mizunguko ikipita mahali pengine.