Flati ya mzee: dhana tunazosafiri nazo na ukweli tunaoukuta nyumbani

Desemba ikikaribia, mabasi ya kwenda Moshi, Songea na Bukoba hubeba maboksi ya TV yaliyokazwa kamba. Mzee bado ana chogo, ile TV nene ya zamani, watoto wa mjini wamechanga, safari hii apate flati, yaani TV bapa. Inafungwa mkesha wa Krismasi, nyumba nzima inashangilia, na mwaka mpya ukiingia kila mtu anarudi kazini. Januari haijafika katikati simu inalia: "Mwanangu, hii TV yenu imeandika maneno."

Hapo ndipo lawama huanza kumwangukia mzee. Nyingi ya dhana zilizo hapa chini ni zetu sisi tunaonunua, si zake.

"Wazee na teknolojia hawaivi chungu kimoja"

Aliyezaliwa Unguja mwaka 1953 alikuwa kijana wa miaka 20 Televisheni ya Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi mwaka 1973, wakati Bara hakukuwa na kituo chochote, hata cha picha nyeusi na nyeupe. Mwenzake wa Bara alisubiri hadi 1994, ITV ilipoingia hewani. Humo katikati wamepita kwenye santuri, redio kaseti na deki. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu, wakahamia kwenye ving'amuzi. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na leo wengi wao wanapokea pesa za matumizi kwa simu ya vitufe bila kumsumbua mtu.

Watu hawa hawashindwi na kitufe. Kinachowashinda ni somo la dakika tano kutoka kwa kijana aliyeishika rimoti mwenyewe, anabonyeza haraka haraka huku akisema, "Umeona, Baba? Rahisi tu." Baba hajaona kitu. Mpe rimoti yeye, wewe kaa mbali. Aizime, aiwashe, akosee, arudi alikotoka. Hatua aziandike yeye kwa mwandiko wake na kwa maneno yake, hata kama kitufe cha kuwashia atakiita "kile chekundu cha juu". Karatasi uliyomchapia kazini ataikunja vizuri na kuihifadhi ndani ya Biblia.

"Imeandika maneno, basi imeharibika"

Karibu kila mara TV ni nzima. Flati ina milango kadhaa ya kupokea picha: HDMI mbili au tatu, antena, flashi. Kidole kikigusa kwa bahati mbaya kitufe cha kubadili mlango, TV inaenda kutafuta picha mahali pasipo na waya wowote, haikuti kitu, inatangaza kwamba hakuna mawimbi. Inatangaza kwa Kiingereza, bila shaka.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka, mwonyeshe mzee kitufe hicho, kisha chomoa waya wa king'amuzi mbele yake ili ayaone maneno yenyewe na ajue yametoka wapi. Halafu ingia kwenye mipangilio uwashe HDMI-CEC, ingawa kila kampuni imeipa jina lake. Ikifanya kazi, king'amuzi kikiwashwa TV inaamka na kwenda yenyewe kwenye mlango unaotakiwa. Vifaa vya bei nafuu wakati mwingine havisikilizani, kwa hiyo ijaribu mara kadhaa kabla ya kuitegemea. Rimoti za baadhi ya ving'amuzi zina vitufe vinavyoweza kufundishwa kuwasha TV na kuongeza sauti. Ukifanikiwa hapo, rimoti ya TV itunzwe kabatini na mzee abaki na moja. Vitufe asivyovihitaji vifunike kwa plasta.

"Hasikii vizuri, tumnunulie sabufa"

Zawadi hii inatolewa kwa upendo mkubwa na mara nyingi inaharibu zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 25 ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaoathiri maisha yao. Upungufu wa uzeeni kwa kawaida huanza na sauti nyembamba, za juu. Irabu hubaki, kwa kuwa zina nguvu. Zinazopotea ni s, f, t, k na wenzake, yaani zile zinazotenganisha neno na neno. Ndiyo maana mzee husema, "Nasikia wanaongea, lakini sielewi wanasema nini." Yuko sahihi kabisa.

Sabufa kazi yake ni kuongeza besi. Besi ikipanda inafunika zile sauti nyembamba chache zilizobaki, na mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku anageuka mngurumo. Flati nazo zina dosari yao: kwa kuwa ni nyembamba, spika zake nyingi zimeelekezwa chini au nyuma, sauti inapiga ukutani kabla ya kumfikia msikilizaji. Chogo lilikuwa na nafasi ya spika kubwa, na mara nyingi ilimtazama mtu usoni. Mzee akisema TV ya zamani ilisikika vizuri zaidi, msimcheke.

Cha kufanya hakina gharama kubwa. Kwenye mipangilio ya sauti, TV nyingi zina mtindo wa mazungumzo au wa habari, uchague huo. Punguza besi, ongeza sauti nyembamba. Ikibidi kununua kitu, nunua spika ndogo ndefu inayokaa chini ya TV na kutazama mbele, au spika ya bluetooth iwekwe mezani karibu na kiti chake. Kama TV inatoa sauti kwa bluetooth, hapo waya hauhitajiki. Na apimwe masikio. Nta iliyoziba hutolewa hospitali kwa muda mfupi, na kuna familia zimenunua spika kwa sababu ya nta.

"Chogo halifai tena, na dijitali inataka antena ya dijitali"

Chogo lenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe linaonyesha dijitali vizuri tu kupitia king'amuzi, mradi king'amuzi kiwe na matundu hayo pia, maana baadhi ya vipya vina HDMI peke yake. Kama mzee analipenda na bado linawaka, kubadilisha si lazima. Antena nayo haijui kama mawimbi ni ya dijitali au ya analojia. Kinachotakiwa ni iwe ya UHF, iwe juu, na ielekee mnara. Kabla ya kununua chochote, tazama mapaa ya majirani: wameweka antena au dishi, na vinaelekea wapi. Muuzaji wa mjini hajui kilima kilichosimama kati ya kwenu na mnara.

"Taa nyekundu inamaliza umeme wa LUKU"

TV mpya ikiwa imelala kwa rimoti hutumia kama nusu wati. Kwa mwaka mzima hiyo ni uniti nne na kidogo. King'amuzi hula zaidi, hasa cha zamani. Lakini mzee anayechomoa waya kila usiku ana sababu nzuri kuliko anayoitaja: umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, au radi ikipiga, kilichochomolewa kinapona. Mnunulie kifaa cha kulinda TV dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Wakati wa radi aendelee kuchomoa, pamoja na waya wa antena.

"Kukaa karibu na TV kunaua macho"

Hofu hii ina historia. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ilikiri kwamba baadhi ya TV zake za rangi zilitoa mionzi ya eksirei kupita kiasi. Flati haina ile tyubu ya picha, kwa hiyo mionzi hiyo haipo. Hata hivyo, mzee anayesogeza kiti mbele kila baada ya miezi michache anakupa taarifa muhimu: huenda ni mtoto wa jicho, ambaye hutibika kwa upasuaji. Mpeleke akapimwe kabla hujamwongezea inchi.

"Smart TV bila intaneti ni bure"

Inaonyesha king'amuzi na flashi kama TV nyingine yoyote. Bando ndilo la kuangalia. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD na hadi GB 7 kwa 4K. Wajukuu wakiunganisha hotspoti ya Bibi, GB 10 hazimalizi wiki. Shusha ubora wa picha mapema.

"Aliyepiga simu ni wa king'amuzi"

Akiomba namba ya siri ya M-Pesa, ni tapeli: hakuna huduma ya king'amuzi inayoihitaji. Mwambie mzee hivyo bila kuzunguka. Piga picha ya namba ya kadi ya king'amuzi uondoke nayo, uwe unamlipia kifurushi kutoka uliko. Kabla hujalipa, mpigie akiwashe, kwa sababu ruhusa ya kufungua chaneli inakuja kwa mawimbi, na kilichozimwa kinaweza kuikosa. Mvua kubwa ikikata picha ya dishi, asimwite fundi. Picha itarudi mvua ikipungua.

"Deki na kanda ni takataka, tupa"

Hizi usitupe kabla ya kuuliza kilichomo. Funai ya Japani, iliyobaki mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016, kwa hiyo deki nzima inazidi kuwa adimu na utepe nao unazeeka. Kwenye kanda hizo kuna harusi, na sauti za watu waliokwisha kuzikwa. Kaseti za sauti huhamishwa kwa waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta; VHS huhitaji kifaa kidogo cha USB chenye waya wa njano, nyekundu na nyeupe. Hifadhi kwa MP3 na MP4, flashi mbili, moja ukae nayo wewe. Nyingine ichomeke kwenye flati na umfundishe mzee kuifungua mwenyewe. Somo hilo halihitaji kurudiwa mara nyingi.