Karma si majaaliwa: imani za msingi za Ubudha

Anayeuliza Wabudha wanamwabudu mungu gani ameanza na swali ambalo Ubudha wenyewe hauanzi nalo. Mafundisho yake hayana Mungu Muumba. Miungu imo, ila nayo huzaliwa na kufa kama viumbe wengine. Siddhartha Gautama, ndiye Budha, mzaliwa wa Lumbini katika Nepal ya leo, alikuwa binadamu, na wafuasi humheshimu kama mwalimu aliyejinasua akawaonyesha wengine njia.

Mahubiri yake ya kwanza, huko Sarnath karibu na Varanasi, yalihusu kweli nne. Maisha yana dukkha, yaani mateso pamoja na ile hali ya kutotosheka hata mambo yanapokwenda vizuri. Chanzo chake ni kiu ya tamaa. Kiu hiyo ikizimika, dukkha hukoma, na huko ndiko nirvana. Nne, ipo njia ya kufika, yenye sehemu nane. Wengi huishia kwenye kweli ya kwanza, kisha wakaiita dini hii ya huzuni.

Lakini hakuna fundisho lililopotoshwa kama karma. Mitaani imegeuzwa majaaliwa, au kisasi kinachomrudia mtu. Kwa Budha, karma ni nia: tendo la makusudi, liwe la mwili, la ulimi au la fikra. Aliyemkanyaga mdudu bila kujua hayuko sawa na aliyekusudia kuua. Wala si kila maumivu yametokana na karma. Maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya India, yanataja pia hitilafu za mwili na mabadiliko ya majira. Kumwambia mgonjwa kwamba anavuna dhambi za maisha yaliyopita ni kuyasingizia mafundisho hayo.

Gumu zaidi ni anatta: hakuna nafsi ya kudumu. Ninachokiita “mimi” ni mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu, vyote vikibadilika bila kukoma. Basi nani huzaliwa upya baada ya kifo, kama Wabudha wanavyoamini? Katika mazungumzo yao mashuhuri, mtawa Nagasena alimjibu mfalme Milinda kwa mfano wa taa: taa ikiwashwa kutoka kwa nyingine, hakuna kilichohama, ila ya pili isingewaka bila ya kwanza.

Si lazima muumini ayamudu haya yote. Katika nchi za Theravada, mojawapo ya matawi ya Ubudha, kama Sri Lanka na Thailand, waumini wengi hawaketi kutafakari kila siku. Hushika amri tano (kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kuepuka vileo), huwapa watawa chakula, na hutumaini kuzaliwa pema.