Akili ya Ufundi na Namna Inavyopimwa

Mtazame muuza maji anapopakia mkokoteni wake asubuhi pale Majengo au Kisauni, mjini Mombasa. Mitungi ishirini ya lita 20 ni kilo 400 za maji, mitungi yenyewe hujaihesabu. Haipangi ovyo. Anaanza juu ya magurudumu, anaweka mmoja huku na mmoja kule, kisha anashika mikono ya mkokoteni na kuinyanyua kidogo. Ikimlemea, anasogeza mtungi nyuma. Ikitaka kuruka juu, anaurudisha mbele. Hakuandika hesabu popote, lakini hesabu ameifanya.

Uwezo huo wa kuona uzito unaelemea wapi, na nguvu itapita njia gani kabla kitu hakijasogea, ndio akili ya ufundi. Wengine huuita kipawa cha umakanika, ingawa haumhusu makanika wa gereji peke yake. Mshonaji anayejua kwa nini cherehani inakata uzi anao, na nahodha anayejua tanga litalemea upande gani anao.

Mtihani wa kuupima hautofautiani sana na yale ya mkokoteni, ila umehamishiwa kwenye karatasi. Uliojulikana zaidi ni wa Mmarekani George Bennett, uliotolewa mwaka 1940, na mingine mingi imefuata sura yake. Unapewa picha na swali fupi: watu wawili wamebeba mzigo kwenye mti, nani amelemewa zaidi? Unachagua A au B, au C ikiwa hakuna tofauti. Hutakiwi kuandika kanuni wala kutaja jina la mwanafizikia. Jeshi la Marekani lina sehemu ya namna hii katika mtihani wake wa kupokea askari, na viwanda katika nchi nyingi huutumia kuchagua wanaofaa kufunzwa kazi za mitambo.

Turudi kwenye mkokoteni, kwa sababu nusu ya mtihani imo humo. Tuseme kitovu cha uzito wa ile mitungi kiko sentimita 10 mbele ya ekseli (chuma kinachounganisha magurudumu), upande wa mvutaji, na mikono iko sentimita 200 kutoka ekseli. Mvutaji ananyanyua 400 mara 10, ugawe kwa 200: kilo 20 tu. Zilizobaki 380 zimebebwa na ekseli. Mzigo uleule ukisogea hadi sentimita 30, mikononi zinafika kilo 60. Maji hayakuongezeka hata tone, ila mtu atafika juu ya kilima mgongo umemkatika. Wazee waliobeba maji kwa mzegazega, mti wa begani wenye debe kila ncha, waliijua hesabu hii mabegani: debe moja likijaa na jingine likiwa nusu, bega husogezwa kuelekea lililojaa, hadi umbali wa upande mzito uwe nusu ya umbali wa upande mwepesi.

Wenzo wote ni huo huo. Spana ndefu hufungua nati iliyoshika kutu kwa sababu mkono uko mbali na nati. Lakini bei yake ipo, na hapa ndipo penye uti wa mgongo wa mtihani mzima: unachopunguziwa katika nguvu, unalipa kwa umbali. Mkono wako utazunguka duara kubwa ili nati izunguke kidogo. Hakuna chombo kinachokupa vyote viwili. Mtahiniwa aliyelishika hilo atajibu maswali mengi ambayo hajawahi kuona picha zake.

Chukua kapi. Mtu wa jahazi anajua kwamba kapi lililofungwa juu ya mlingoti halipunguzi uzito. Linageuza tu njia, ukivuta chini mzigo unapanda. Gunia la kilo 60 litataka kilo 60 za mvuto, na zaidi kidogo kwa ajili ya msuguano. (Ndiyo maana mwenye kilo 55 akilivuta gunia hilo peke yake, atakayepanda ni yeye.) Sasa ongeza kapi la pili linalotembea pamoja na mzigo. Gunia limeshikwa na kamba mbili, kila moja inabeba 30, nawe unavuta 30. Bei yake ni kwamba ili gunia lipande mita moja, lazima uvute kamba mita mbili. Katika mtihani usihesabu makapi, maana picha huchorwa yawe mengi makusudi. Hesabu kamba zinazolishikilia lile kapi linalosogea.

Mteremko nao hufuata bei hiyohiyo, na kwa mtu wa Mombasa mfano uko kwenye kivuko cha feri cha Likoni. Maji yakipwa, feri hutua chini zaidi, na wasukuma mikokoteni hulalamika. Swali la kimtihani lingekuwa hivi: kama njia ya saruji ya kushukia kwenye feri ina mwinamo mmoja kutoka juu hadi chini, je, maji kupwa yanamtaka msukumaji atumie nguvu kubwa zaidi? Wengi watajibu ndiyo. Jibu ni hapana. Nguvu ya kila hatua ni ileile, kinachozidi ni hatua. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi ya kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita tatu. Tuseme mteremko unapanda mita moja kwa kila kumi: tofauti ya mita tatu ni mita 30 za ziada za kusukuma. Jasho la ziada ni la kweli, ila limetokana na umbali.

Magurudumu ya meno hayana maneno mengi. Mawili yakigusana huzunguka kinyume, ukiweka la tatu katikati, la kwanza na la mwisho huzunguka upande mmoja. Lenye meno 20 likiendesha lenye 40, lile kubwa huzunguka nusu ya kasi lakini kwa nguvu maradufu. Mkanda ulionyooka hauzungushi kinyume, mkanda uliopishanishwa kama nane huzungusha kinyume. Basi.

Maji yanawaangusha wengi zaidi. Tangi la lita 10,000 limewekwa kwenye tofali moja uani, na tangi la lita 500 liko juu ya ghorofa ya nne. Bomba la jikoni, nyumba ya chini, litatoa maji kwa nguvu zaidi kutoka tangi lipi? Jicho linakimbilia lile kubwa. Ila msukumo wa maji hauangalii upana wa tangi, unaangalia kimo cha maji juu ya bomba: kila mita kumi za kimo huongeza karibu msukumo mmoja sawa na wa hewa ya usawa wa bahari. Tangi dogo linashinda, ingawa litakauka mapema. Jeki ya mafuta ni binamu wa habari hii. Msukumo ni uleule kila mahali ndani ya mafuta, kwa hiyo pistoni yenye eneo mara kumi ya ile unayobonyeza hunyanyua mara kumi, nayo hupanda sehemu moja tu ya kumi ya ulivyobonyeza. Bei ileile tena.

Mtihani huu una kasoro zake pia. Unapima kwa picha, na kusoma picha ni ujuzi wa peke yake. Yule muuza maji aliyepanga mitungi bila kukosea anaweza kuduwaa mbele ya mchoro wa mstari mweusi wenye mishale, hasa saa inapohesabu, kwa kuwa maswali ni mengi na dakika ni chache. Kinyume chake, kijana aliyezoea michoro atapata alama nzuri bila kuwahi kushika bisibisi. Uzoefu nao huongeza alama, kwa hiyo aliyelelewa karibu na gereji au mashua ana mwanzo mzuri kuliko aliyefungiwa vyombo asivichezee. Na tuseme wazi, kulisikia boriti linalia kabla halijavunjika, au kujua kwa kidole kwamba nati imekaza inavyotosha, hakuna karatasi inayolipima.

Anayetaka kujizoeza asianze na vitabu vya maswali. Akae pembeni ya soko la Marikiti saa moja asubuhi, achore mkokoteni mmoja kama mstari na duara, aweke mshale wa uzito, mshale wa ekseli na mshale wa mikono, kisha akisie mshale upi ni mrefu zaidi. Hamali akinyanyua, jibu litaonekana.