Redio ya AM Husikia Tu, Haisemi

Wateja hawaachi kuniletea redio nzima, isiyo na kasoro, wakitaka niing'oe bendi ya AM, yaani ya mawimbi ya kati. Sababu ni ile ile: jirani kasikia Kisomali au Kiarabu kikitoka chumbani usiku, maneno yakazuka mtaani kwamba mwenye redio "anawasiliana na watu wa ng'ambo". Sisi tuko Lamu. Mpaka wa Somalia uko kilomita kama mia hivi kutoka hapa, na tangu shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, mtu anaogopa hata kutazamwa mara mbili. Hofu hiyo naielewa. Kinachoniudhi ni kuilisha uongo, mpaka mzee wa watu anauza redio yake kwa bei ya kutupa.

Dhana: redio inayoshika stesheni za mbali inarusha pia, na mwenyewe anaweza kufuatwa kwa hiyo.

Fungueni kifuniko cha nyuma muone wenyewe. Kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, hiyo ndiyo eriali ya AM. Kuna saketi, spika na betri. Maikrofoni hakuna, transimita, yaani mtambo wa kurushia, hakuna. Sauti yako itapitia wapi?

Nisifiche kitu: redio za sindano huvujisha wimbi dogo sana kutoka osileta ya ndani, saketi ndogo inayozalisha wimbi la kutafutia stesheni, kwa kawaida kilohezi 455 (kilohezi ni zile namba za masafa kwenye redio) juu ya pale ulipofungua. Jaribuni. Wekeni redio mbili ubavu kwa ubavu, moja ikae kwenye 900, nyingine izungushwe polepole karibu na 1355. Mvumo utanyamaza ghafla, au utasikia mluzi. Sasa chukua moja uende nayo chumba cha pili, na mluzi umekwisha. Huo ndio "urushaji" wote mnaouogopa, na hauna hata neno moja la binadamu ndani yake.

Basi mbona usiku zinaingia stesheni za nchi za watu? Kwa sababu ya jua. Mchana jua hujenga tabaka la hewa yenye chaji ya umeme, liitwalo tabaka la D, huko juu, kilomita 60 hadi 90 hivi, nalo hunyonya mawimbi ya kati kabla hayajafika mbali. Jua likizama tabaka hilo hufifia, mawimbi yanapanda hadi tabaka za juu zaidi, yanarudishwa chini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka, wakati mwingine maelfu. Djibouti, kwa mfano, palikuwa na mtambo wa Wamarekani uliorusha Kiarabu kwenye kilohezi 1431, kwa nguvu ya kilowati 600. Kutoka Lamu ni zaidi ya kilomita 1,500. Aliyeunasa baada ya Isha hakuwa na mashua iliyojificha nyuma ya kisiwa cha Manda, alikuwa amewasha redio tu. Na ukisikia sauti inapanda, inafifia, inapanda tena, hiyo ni dalili kwamba imepitia juu.

Ushauri wangu ambao sichoki kuutoa: wekeni daftari. Andika tarehe, saa, kilohezi, lugha, jina la stesheni ikijitaja. Wapenzi wa mchezo huu duniani hufanya hivyo, kisha huiandikia stesheni na kuomba kadi ya kuthibitisha kwamba kweli wameisikia. Wao huandika saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa hiyo punguza saa tatu kwenye saa yetu ya Afrika Mashariki, ile ya kuhesabu hadi 24, si ya Kiswahili. Tena akija mtu kuuliza unasikiliza nini, daftari liko wazi mezani. Kusikiliza kwa siri, redio chini ya mto, ndiko kunakozaa maneno.

Dhana: eriali ndefu ikivutwa yote, AM itashika zaidi. Hapana. Ile ya chuma ni ya FM na mawimbi mafupi. Kwenye AM kinachofanya kazi ni kile kijiti cha ndani, kwa hiyo geuza redio nzima polepole. Stesheni hufifia ncha ya kijiti ikiielekea, na husikika vizuri ubavu ukiielekea. Acheni kuzivunja hizo eriali, jamani.

Dhana: redio inakoroma, basi imekufa. Kabla ya kuja kwangu, chomoa chaja ya simu, zima taa za LED, kisha zima kidhibiti cha sola, kimoja baada ya kingine. Mara nyingi mkorofi ni mmoja wa hao. Au toka nayo barazani usikie tofauti.

Dhana: redio iliyoletwa kutoka Marekani ni bora kwa AM. Stesheni za kwao hupishana kwa kilohezi 10, zetu kwa 9. Redio ya kidijitali iliyowekwa 10 itaruka kutoka 1210 hadi 1220, na stesheni ya 1215 hutaipata sawasawa. Tafuta swichi ya 9/10, aghalabu iko nyuma au ndani ya kasha la betri. Ikiwa haina, usiinunue.