Nyama ya kasa: yanayosemwa na ukweli wake

"Ichemshe sana, haidhuru." Neno hili ndilo linaloua. Moto huua vijidudu, na sumu ya kasa si kijidudu. Inaaminika kasa huipata kwa anavyokula baharini, ikamkaa mwilini naye asidhurike. Chungu kitokote saa moja au sita, utie ndimu, tangawizi na tui zito: mnofu utalainika, sumu itabaki ile ile. Kuikausha kwa moshi au kuigandisha ni vile vile, na aliyekunywa mchuzi tu naye kala.

"Kasa mwenye sumu hujulikana." Hajulikani. Nyama haibadiliki rangi, harufu wala ladha. Ng'amba, aina mojawapo ya kasa, ndiye anayetajwa zaidi, lakini hata kasa wa kawaida amewahi kudhuru watu.

"Wazee wetu walikula wasife." Walijaaliwa kasa wasiokuwa na sumu, huyu aliyenasa jarifeni leo ni mwengine. Novemba 2021 walikufa watu 7 Pemba. Machi 2024, Kisiwa Panza, huko huko Pemba, wakafa 9: watoto 8 na mama wa mmoja wao, na 78 wakalazwa.

"Mpe paka kwanza." Dalili huchukua saa kadhaa, pengine siku. Paka bado anajilamba miguu, na sahani zishaoshwa.

"Mtoto wa ziwa hajala, yu salama." Hapa tunawaomba kina mama watusikilize. Sumu hupita kwenye maziwa. Imewahi kutokea mama akaumwa kidogo tu, mtoto akafa. Mama aliyekula asimnyonyeshe mtoto mpaka aonane na daktari, na mtoto aende naye.

"Mtapishe kwa maji ya chumvi." Msifanye hivyo. Mgonjwa aliyeanza kusinzia hupaliwa, matapishi yakaingia mapafuni. Dalili huanza kwa koo na mdomo kuwasha au kuungua, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma. Ulimi hutoka vidonda. Kisha usingizi usioamshika, degedege, kupoteza fahamu. Dawa ya kuiondoa sumu hii hakuna. Hospitali humtia mgonjwa dripu, humzuilia degedege na kumsaidia kupumua, kwa hiyo kuwahi ndiko kunakookoa.

Akiumwa mmoja, waende wote waliokula chungu kile, hata asiyehisi kitu, na watoto watangulizwe. Mwambieni daktari mmekula saa ngapi. Kipande kimoja cha nyama kifungwe ndani ya mfuko kipelekwe kupimwa. Kilichobaki kizikwe chini sana, kuku na paka wasikifukue.