Kwa Nini Injini Iliyofungwa Turbo Nyumbani Huzidiwa na Joto, na Vipozea Vyake Hutengenezwaje?

Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono amekwisha kuligusa jibu la swali hili, kwa kuwa sehemu ya chini ya pampu hupata moto hadi vidole vikaikwepa. Msuguano una mchango wake, lakini sehemu kubwa ya joto hilo hutoka katika hewa yenyewe, ambayo kila inapobanwa kwa ghafla hupanda joto. Turbo ni pampu ya namna hiyo hiyo, ila yenyewe husukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, na pangaboi lake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na tangu hapo kila anayetaka injini ivute hewa nyingi kuliko uwezo wake wa asili hulazimika kuamua joto linalokuja pamoja na hewa hiyo litapelekwa wapi.

Tuchukue mfano unaofahamika katika barabara zetu: Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 na silinda sita, ambayo kiwandani haikufungwa turbo. Ni injini iliyobeba wagonjwa, watalii na wafanyakazi wa mashirika ya misaada kwa miaka mingi, na wenye nayo hawana malalamiko makubwa isipokuwa uvivu wake mlimani. Ndiyo maana wengi huamua kuifunga turbo wenyewe, wakaiwekea presha ya wastani, tuseme paundi 10 kwa kipimo kile kile anachokitumia fundi wa matairi. Kiwango hicho kinasikika kuwa kidogo, kwa sababu tairi la gari hubeba paundi 30 bila taabu, lakini hesabu yake ya joto si ndogo hata kidogo.

Hewa ya Dar es Salaam ikiingia kwenye kompresa ya turbo, yaani sehemu yake inayobana hewa, ikiwa na nyuzi 32, na kompresa hiyo ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70, ambao ni wa kawaida, hutoka upande wa pili ikiwa na nyuzi zipatazo 103. Hewa hiyo ni moto kuliko maji yanayochemka sufuriani, na ndiyo tunayoipeleka ndani ya injini. Hewa ya moto imetanuka, hivyo kila silinda hupokea oksijeni pungufu kuliko ile tuliyodhani tumeilipia kwa kununua turbo. Katika injini ya dizeli joto la hewa inayoingia huongezeka pia kwenye moshi unaotoka, na kinachoumia ni pistoni, hedi inayofunika silinda na turbo yenyewe. Katika injini ya petroli hatari huja mapema zaidi, kwa kuwa mchanganyiko wa mafuta na hewa hulipuka wenyewe kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni kama nyundo. Kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilikutana na tatizo hilo mwaka 1962 ilipouza gari lake la Jetfire lenye turbo. Badala ya kuipoza hewa kwa kipozea, ilinyunyiza ndani yake mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye chupa ambayo mwenye gari alipaswa kuijaza mara kwa mara. Wengi walisahau kuijaza, nami siwashangai, kwa kuwa hata maji ya waipa tunayasahau.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Mtu anaweza kudhani kwamba gari hilo hilo likipelekwa Nairobi, kwenye nyuzi 25 na upepo wa milimani, hewa inayotoka kwenye turbo itakuwa na nafuu. Sivyo. Katika mwinuko wa karibu meta 1,700 hewa ni nyepesi, na ili geji isome paundi zile zile 10, kompresa hulazimika kuibana hewa hiyo kwa uwiano mkubwa zaidi, nayo hutoka ikiwa na nyuzi zipatazo 106. Kwa hiyo gari lililoanza na hewa ya baridi humaliza na hewa ya moto zaidi kuliko lile la pwani, na wakati huo huo upepo unaopita kwenye vipozea vyake una uzito pungufu kwa karibu asilimia 16, hivyo huondoa joto kidogo.

Dawa ya kwanza ni kipoza hewa, ambacho gereji nyingi hukiita intakula. Umbile lake ni kama la rejeta, ila ndani yake hupita hewa iliyobanwa badala ya maji. Ikiwa intakula itaondoa asilimia 70 ya joto lililoongezwa na kompresa, hewa yetu ya Dar es Salaam itashuka kutoka nyuzi 103 hadi 53 hivi, na kila silinda itapata hewa zaidi kwa takriban asilimia 15 bila presha kuongezwa. Injini ya lita 4.2 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika humeza kiasi cha gramu 160 za hewa kila sekunde katika hali hiyo, na kuishusha hewa yote hiyo kwa nyuzi 50 ni sawa na kuondoa kilowati 8 za joto. Mtu akizipanga birika nne za umeme za wati 2,000 mbele ya gari na kuziwasha zote kwa pamoja, atakuwa amepata picha ya kazi inayofanywa na kipande hicho cha alumini.

Hakuna mwenye busara anayejaribu kutengeneza kiini cha intakula nyumbani, kwa sababu mirija na vibati vyake vyembamba huunganishwa kiwandani ndani ya tanuri. Kiini hununuliwa, kikiwa kipya au kimetolewa kwenye gari jingine, na kinachotengenezwa ni matangi mawili ya pembeni, mabomba, vishikizo na mabati ya kuongozea upepo. Viini vyenyewe ni vya aina mbili: kimoja hujengwa kwa pau na bati nene, ni kizito, huvumilia mawe ya barabarani na huchukua muda kupata moto, kingine ni cha mirija bapa na vibati, ni chepesi na huruhusu upepo upite kwa urahisi kuifikia rejeta iliyo nyuma yake. Kwa gari la mizigo linalopanda milima polepole, mimi ningechagua hicho cha pili, ingawa cha kwanza ndicho kinachopendeza machoni na ndicho wauzaji wanachokisifu.

Tangi la pembeni linaonekana kuwa sanduku tu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Hewa inayoingia kwa kasi kupitia bomba la milimita 63 haina hamu ya kugeuka. Ikikutana na sanduku la mraba, mara nyingi huipita mirija ya mwanzo na kurundikana kwenye ya mwisho, hivyo nusu ya kiini kilichonunuliwa kwa fedha nyingi hukaa bila kazi. Tangi lililo pana penye mdomo na linalopungua taratibu kuelekea mwisho huigawa hewa vizuri zaidi. Kabla ya kukata alumini ni vyema kulitengeneza tangi lote kwa boksi la karatasi na gundi, kulijaribisha kwenye gari, kufunga boneti, kisha kulikunjua karatasi hilo na kulitumia kama kielelezo cha kuchorea. Uso wa tangi wenye sentimeta 30 kwa 8 husukumwa na paundi 10 kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 170, kwa hiyo bati jembamba litavimba na kunywea kila dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, mpaka mshono upasuke.

Kuchomelea alumini ni kazi ya fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni, tena inayotoa umeme wa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo kila mara. Sababu yake inavutia. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wa oksidi unaoifunika, ambao hauonekani kwa macho, huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Fundi asiyeuondoa utando huo huona alumini ikiwa imelainika chini huku ngozi ya juu ikikataa kuungana, kisha ghafla kipande kizima huporomoka na kuacha tundu. Mkondo geu huuvunja utando huo katika nusu moja ya mzunguko wake na kupeleka joto ndani ya alumini katika nusu nyingine. Hata hivyo bati lazima lisuguliwe kwanza kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, na lifutwe kwa asetoni inayoachwa ikauke kabisa. Dawa ya kusafishia breki isitumike kamwe kwa kazi hii, kwa kuwa baadhi yake zina klorini, na mabaki yake yakikutana na mwako wa kuchomelea huweza kuzaa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu ya kuua.

Kupima kama pana uvujaji ni kazi ya fundi pancha. Midomo ya intakula huzibwa, upepo hutiwa, na chombo chote huzamishwa kwenye maji hadi mapovu yaonyeshe palipo na tundu. Paundi 20 zinatosha, nazo zitiwe taratibu kupitia kidhibiti cha presha, si moja kwa moja kutoka kwenye mtungi wa gereji, kwani hata kwa presha hiyo kizibo cha mdomo wa milimita 63 husukumwa kwa nguvu ya kilo 44 hivi na kikichomoka hakichagui wa kumpiga. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayochomoa mipira ya silikoni barabarani, na ndiyo maana ncha ya kila bomba huinuliwa ukingo mdogo wa kuizunguka, ili klipu ipate mahali pa kung'ang'ania.

Baada ya hapo huja suala la mahali pa kuifunga, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko ukubwa wa intakula. Ikifungwa mbele ya rejeta, zile kilowati 8 hazipotei, bali huenda kwenye upepo unaoelekea kwenye rejeta. Ikiwa kilo moja ya hewa inapita hapo kila sekunde, rejeta itapokea upepo ulioongezewa nyuzi 8, wakati ambapo injini yenye nguvu mpya inaipelekea maji yenye joto kubwa zaidi kuliko zamani. Mwenye gari huona mshale wa joto ukipanda na kukimbilia kununua rejeta nene. Pengine kosa liko kwingine, kwa sababu upepo, kama maji, hufuata njia isiyo na kizuizi. Nafasi ya vidole viwili kati ya intakula na rejeta, iliyoachwa wazi pembeni, inatosha kuufanya upepo mwingi uzunguke badala ya kupenya kwenye vibati. Mabati mepesi ya alumini yaliyokunjwa pande zote nne, yakimaliziwa kwa sponji au mpira wa mlango, hugharimu kidogo na huweza kuleta tofauti kubwa kuliko rejeta mpya. Kava la feni nalo lirudishwe. Limetupwa katika magari mengi baada ya kuvunjika, na feni isiyo na kava huzungusha hewa ile ile ya moto iliyo karibu na injini.

Jambo jingine ni ile desturi ya kutoa themostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupitia kwenye rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Kifuniko cha rejeta kina kazi kubwa vilevile. Chenye alama ya 0.9, yaani kinachoshikilia presha ya takriban bar 0.9, huyazuia maji ya Dar es Salaam kuchemka hadi karibu nyuzi 118, na ya Nairobi hadi karibu 115, ilhali bila presha hiyo maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 tu, na mpira wa kifuniko uliochakaa huiondoa kinga hiyo yote kimyakimya.

Gari lililokamilika lisihukumiwe kwa safari ya Bagamoyo, kwa kuwa kwenye tambarare mwendo wenyewe hupuliza upepo wa kutosha. Mtihani wake ni mlima kama Kitonga, katika barabara ya kwenda Iringa, likiwa na mzigo, nyuma ya lori linalotambaa kwa gia ya kwanza, pale ambapo turbo inafanya kazi kubwa na upepo wa mbele haupo. Vipimajoto viwili, kimoja kabla ya intakula na kingine baada yake, pamoja na kimoja cha moshi, ndivyo vitakavyosema ukweli. Cha pili kikipanda kukifuata cha kwanza, intakula imeshiba joto na haipati upepo, na kabla ya kufikiria kununua kubwa zaidi dereva asimame mahali salama, aache injini izunguke taratibu kwa dakika moja au mbili ili oili iendelee kuipoza turbo, aizime, kisha afungue boneti na kutafuta kwa mkono na tochi mahali sponji lilipobanduka.