Kamala hakuwa Mganda, lakini kazi aliijua

Mara ya kwanza kumwona Kamala ilikuwa Bukoba, katikati ya miaka ya 1990, ndani ya banda la video la mabati, jenereta ikinguruma nje. Mkanda ulikuwa wa pambano lake la mieleka na Undertaker pale Wembley, London, Agosti 1992. Jitu jeusi, pekupeku, tumbo limechorwa mwezi na kifua nyota, linajipiga tumbo kama mtu anayejaribu ngoma kabla ya kuinunua. Mtangazaji akasema ni jitu la Uganda. Kijana mwenye banda, aliyekuwa akitutafsiria, akatia chumvi yake: "Huyu alikuwa mlinzi wa Idi Amin!" Mzee mmoja aliyekaa nyuma, aliyekuwa vitani Kagera, akaangua kicheko. "Walinzi wa Amin sisi tuliwaona migongo tu, wajukuu zangu. Na kwa tumbo hilo asingefika Mutukula."

Halafu Kamala kwetu ni jina la ukoo. Kwa hiyo siku hiyo tulitoka bandani tukibishana kama ni Mganda au ni Mhaya aliyepotelea ng'ambo.

Hakuwa chochote kati ya hivyo. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, kusini mwa Marekani, na Uamin wake uliundwa Memphis, Tennessee, mwaka 1982. Nitamrudia. Nimeanza naye kwa sababu kila ninapokutana na mashabiki wa mieleka ya zamani ya Marekani, jina lake hutajwa kama mfano wa mtu asiyejua kitu. Mimi nafundisha judo, na jioni zangu nyingi kwa miaka zimeishia kwenye mikanda ya mieleka ya kulipwa, ile ya kuigiza ambayo mshindi hupangwa kabla, ya enzi za himaya. Nakubali kwamba Kamala hakuwa na mbinu nyingi. Sikubali kwamba hilo linatosha kumhukumu.

Kwanza tuelewe zile himaya zilivyokuwa. Mwaka 1948, mapromota kadhaa walikutana Waterloo, Iowa, wakaunda umoja wao, National Wrestling Alliance, na hatimaye karibu nchi nzima ikawa imegawanywa. Kila promota na eneo lake, kila eneo na kituo chake cha televisheni, miji yake na mastaa wake, na aliyeingilia eneo la mwenzake alijitafutia ugomvi. Mpangilio huo ulidumu hadi miaka ya 1980, Vince McMahon alipoinunua kampuni ya baba yake huko New York na kuamua kwamba mipaka ya wazee haimhusu. Kabla ya hapo mtu aliweza kuwa mfalme Memphis huku Chicago hawamjui hata kwa sura.

Hapo ndipo mabishano mengi huharibika. Shabiki anachukua mtu wa Portland, mtu wa Minneapolis na mtu wa New Orleans, anawahesabia mbinu kama anayehesabu mabao, kisha anatoa hukumu. Lakini watu hawa hawakuwa wakifanya kazi moja.

Chukua Memphis. Jumamosi asubuhi kulikuwa na kipindi cha dakika 90 moja kwa moja studioni, kikiongozwa na Lance Russell pamoja na Dave Brown, ambaye alikuwa pia mtabiri wa hali ya hewa wa kituo. Jumatatu usiku watu walikwenda kulipa kiingilio Mid-South Coliseum, ukumbi wa watu zaidi ya elfu kumi. Jumanne genge lile lile liko Louisville, Jumatano Evansville, wiki inazunguka, na Jumatatu ijayo mnarudi Memphis mbele ya watu wale wale waliowaona siku saba zilizopita. Wengine wamekaa viti vile vile. Utawaonyesha nini ambacho hawajakiona?

Jerry Lawler, staa mkuu wa Memphis, alilijibu swali hilo miaka nenda miaka rudi. Ukimpima kwa mbinu, mikono yake ni mitupu: ngumi, ngumi, na ngumi nyingine. Lakini itazame ile ngumi. Mkono unatoka mbali ili hata aliyekaa ngazi ya juu kabisa auone ukija. Kiganja kimelegea, kinakaza mwishoni tu, kinagusa shavu na kupita, na anayepigwa ndiye anayeitupa shingo yake nyuma. Nimejaribu kuwafundisha vijana wangu kuigiza ngumi hiyo kwenye onyesho la shule. Wawili waliumizana midomo kweli, wa tatu akakosa shabaha kwa sentimita ishirini na watoto wote wakacheka. Lawler alirusha maelfu yake, na watu wakazidi kulipa.

Alikuwa na ishara moja. Akishapigwa vya kutosha, akiwa hoi, hushusha mkanda wa bega wa vazi lake, na ukumbi mzima unasimama, maana sasa kipigo kinageuka. Sisi tuliolelewa na mabanda ya video tunaijua dakika hiyo: steringi kaamka, adui ajiandae.

Nguvu nyingine ya Memphis ilikuwa katika kukataza. Kule kumbeba mtu kichwa chini miguu juu kisha kukaa naye chini, mtindo ambao wengi wetu tunaujua kupitia Undertaker, Memphis kulipigwa marufuku. Ukifanya, umepoteza pambano. Ndiyo maana Aprili 5, 1982, Lawler alipomfanyia hivyo Andy Kaufman, mchekeshaji wa televisheni aliyekuwa akiwatukana watu wa Kusini kwa wiki kadhaa, refa alimpa Kaufman ushindi na ukumbi ukashangilia kana kwamba Lawler ndiye kashinda. Kaufman akatembea na kola shingoni kwa miezi. Mbinu moja, mara moja, taifa zima likazungumza. Leo mtu anafanya kumi za hatari kuliko hiyo kwa usiku mmoja, na asubuhi hukumbuki hata moja.

Na wakati Lawler hayupo? Januari 1980 alivunjika mguu akicheza mpira wa Kimarekani na marafiki, akakaa nje karibu mwaka mzima, ukumbi ukapwaya. Mimi kipimo hicho nakiamini kuliko hesabu ya kabali.

Kuna watakaosema Bill Dundee, mfupi yule kutoka Australia, alikuwa bora kuliko Lawler ulingoni. Huenda. Alikuwa mwepesi, aliupokea mwereka vizuri zaidi, na mapambano yao wenyewe kwa wenyewe, nywele rehani au mshindwa ahame mji, ndiyo bora ya wote wawili. Mwishoni mwa 1985 Lawler alishindwa na Dundee katika pambano la aina hiyo ya pili, na akaondoka kweli kwa muda. Nikilazimishwa kuchagua mmoja namchagua Lawler, kwa kusitasita.

Jambo moja kuhusu ushahidi, kwa sababu linanikera. Sehemu kubwa ya tulichobakiwa nacho ni vipindi vya studio, na pambano la studio kazi yake ilikuwa kukushawishi ulipe Jumatatu. Lilikuwa fupi makusudi, mara nyingi staa akimchakaza mtu asiye na jina. Kumpima mwanamieleka wa enzi hizo kwa mapambano hayo ni sawa na kuipima bendi kwa tangazo lake la redioni.

Mfano wangu hapo ni Buddy Rose wa Portland, Oregon. Mnene, nywele kazitia rangi ya dhahabu, anajigamba kuwa ana mwili mzuri. Himaya ya huko, ya promota Don Owen, ilikuwa ndogo, na ukumbi wake ulikuwa jengo lililowahi kuwa la mchezo wa bolingi. Sasa mimi kama mwalimu wa judo, kitu cha kwanza nitazamacho ni anguko. Ulingo si godoro: ni mbao juu ya fremu ya chuma, sponji kidogo, turubai juu yake. Unaingiza kidevu kifuani, unatua na sehemu ya juu ya mgongo kwa bapa, viganja vinapiga chini wakati huo huo ili kishindo kigawanyike. Mtu wa kilo 70 akikosea kidogo, anakohoa. Mtu wa uzito wa Rose akikosea, anabebwa. Naye alianguka kwa kila namna, akirushwa, akipinduka juu ya kona, akibinuka kutoka kwenye kamba, kila Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kumfanya mwenzake aonekane ana nguvu za simba, na sijaona wengi waliomzidi.

Machi 31, 1985, WrestleMania ya kwanza, onyesho kubwa la McMahon, ilipofunguliwa ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mtu wa kwanza kushindwa alikuwa jamaa aliyefunika uso, The Executioner. Chini ya kinyago kile alikuwa Buddy Rose. Waliomwona usiku ule, walimwona hivyo, dakika chache, bila sura.

Mabingwa wa kuzunguka walikuwa na kazi nyingine tena. Ric Flair, bingwa wa ule umoja wa mapromota, alifika mjini kwako na mkanda wa ubingwa, akapigwa na kijana wa nyumbani karibu saa nzima, akaomba radhi kwa magoti, akanusurika kwa hila au kwa kengele, akaondoka na mkanda wake. Watu walibaki wakiapa kwamba kijana wao ndiye bingwa halisi. Mara chache kijana alishinda kweli: Kerry Von Erich alimvua Flair ubingwa Texas Stadium, Mei 6, 1984, na siku 18 baadaye Flair akauchukua tena huko Yokosuka, Japani. Nick Bockwinkel, bingwa wa kampuni ya Minneapolis, alifanya kazi ile ile kwa utulivu wa wakili. Wanaowaweka hawa wawili juu ya wote siwalaumu. Ila kumlinganisha Flair na Lawler ni kumlinganisha mganga anayepita na daktari wa zahanati ya kijiji chenu.

Junkyard Dog je? Jina lake Sylvester Ritter, himaya ya promota Bill Watts, New Orleans. Mashabiki wa ufundi wakimsikia wanashika vichwa. Ni kweli alikuwa na nguvu na mbinu tatu nne, na pambano lake likirefuka lilichuja. Lakini mwaka 1980, kwenye hadithi yao, maadui walimtia dawa ya nywele machoni akapofuka, mkewe akiwa amejifungua, na ikasemwa hatamwona mwanawe. Watu walilia hasa. Mtu mweusi, staa namba moja wa himaya ya Kusini, akiwavuta maelfu hadi uwanja wa Superdome. Pambano fupi lilikuwa uamuzi wa kitaalamu: Watts alijua asichoweza mtu wake, akakificha.

Sasa nirudi kwa Harris. Lawler, ambaye ni mchoraji pia, ndiye aliyembuni pamoja na promota Jerry Jarrett. Picha zake za "porini Afrika" zilipigwa shambani kwa Jarrett, Tennessee. Baadaye, kule New York kwa McMahon, alipewa mlezi aliyevaa kinyago na kofia ya kikoloni, jina lake Kim Chee, yaani kachumbari ya Kikorea. Amin alikuwa ameshaanguka miaka mitatu kabla. Sitapaka rangi: ilikuwa dhihaka juu ya Mwafrika, mla watu asiyejua kusema, na sisi watoto wa Bukoba tulishangilia dhihaka hiyo kwa kuwa hatukuwa na mwingine wa kumwita wetu.

Lakini tazama alichoifanyia. Harris alikuwa ameshapigana miaka kadhaa kwa majina mengine, hadi Uingereza. Mieleka aliijua. Kazi aliyopewa ni kuonekana haijui: asishike mtu inavyoshikwa, asiongee neno, amkandamize mpinzani kifudifudi, badala ya mabega chini kama sheria inavyotaka, na kushangaa kwa nini refa hahesabu. Jaribu kusahau kuendesha baiskeli mbele ya watu elfu kumi. Macho yake hayatulii, yanaangalia taa, kamba, watoto, kana kwamba vyote vinaweza kumuuma. Na hakukaa mahali. Memphis, himaya ya Watts, Texas, New York dhidi ya Andre the Giant mwaka 1984. Kitisho huisha watu wakikizoea, kwa hiyo alifika, akatisha, akaondoka kabla ya kuzoeleka. Angewekwa Memphis kila Jumatatu kwa miaka kumi, angekuwa kichekesho kufikia mwezi wa tatu.

Alilalamika hadi uzeeni kwamba alilipwa kidogo. Aliendesha malori, kisukari kikamchukua miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020.

Ukiupata mkanda wake wowote, usubiri mpaka amrukie mtu aliyelala na kumwangukia kwa tumbo, mwili ule wa kilo zaidi ya 150. Usitazame tumbo. Simamisha picha anapotua, utazame magoti na viganja: vimefika chini kabla yake, na yule aliyelala hajaguswa ila na jasho.